Pete Ilianguka Katikati

Saa tano usiku nilikuwa nimekaa kitandani hosteli, kompyuta mapajani, nimeshaandika nusu ya barua pepe ya kumchongea mwenzangu.

Tulikuwa watano. Kazi ya kikundi, muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, alama ishirini. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tumewasilisha, na sehemu ya nne, ile ya uchambuzi wa takwimu, ilituvunjikia mbele ya darasa zima. Mwenzetu aliyekabidhiwa sehemu hiyo alisimama, akafungua slaidi, akaanza kusoma majedwali ambayo hayakulingana na maelezo yake mwenyewe. Mhadhiri akamuuliza swali moja. Akanyamaza. Mimi niliyekaa mstari wa mbele niliinamisha kichwa kama vile simjui. Tulipata kumi na moja. "Alama ni ya kikundi," mhadhiri alisema huku akizima projekta, na kila mtu akashika njia yake.

Basi usiku ule nilikuwa naandika. "Kwa heshima, naomba nikufahamishe mchango wa kila mwanakikundi." Nilichora jedwali: safu ya jina, safu ya kazi aliyopewa mtu, safu ya kazi aliyoifanya. Kwenye mstari wangu niliandika: amekamilisha. Kwenye mstari wake niliandika: hakukamilisha. Nikaitazama ile safu ya mwisho kwa muda. Halafu, kama ilivyo kawaida yangu nikikwama, nikachukua simu nikaanza kuangalia jimnastiki.

Najua ni mapenzi ya ajabu kwa mtu asiyeweza kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti. Yalianza Agosti 2021. Nilikuwa nyumbani, nimekesha kuangalia marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, ambako Alphonce Simbu wetu alimaliza wa saba. Nikasinzia na televisheni ikiwa wazi. Nilipoamka, kwenye kioo kulikuwa na wasichana watano waliovaa sawasawa, nywele zimefungwa kisogoni, wanarushiana mipira kana kwamba mikono yote kumi ni ya mtu mmoja.

Mchezo wenyewe ni jimnastiki ya midundo. Hauna vyuma vya kuning'inia wala farasi wa kurukia. Kuna zulia la mita 13 kwa 13, muziki, na vifaa vya mkononi: pete kubwa, mpira, virungu, utepe. Kundi hucheza kwa dakika mbili na nusu hivi. Wengi huvutiwa na namna wasichana wale wanavyonyumbulika. Mimi kilichonishika ni kule kubadilishana. Sheria za makundi zinadai warushiane vifaa, na warushiane kwa mbali. Msichana anatupa pete yake juu kutoka kona hii, wala habaki kuitazama. Tayari anabingirika kuelekea mahali ambapo pete ya mwenzake itashuka. Nusu sekunde hivi, hakuna mwenye kitu mkononi. Vyote viko hewani, na kila mmoja anaishi kwa imani kwamba mwingine alirusha vizuri.

Siku ile Bulgaria ilichukua dhahabu na Warusi wakapata fedha. Baadaye ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo hilo. Mashindano ya makundi yaliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na Uhispania ikashinda. Kuanzia hapo dhahabu ilikuwa ya Urusi: Sydney, Athens, Beijing, London, Rio. Mara tano mfululizo. Nikaanza kuzitafuta fainali hizo moja moja, nikirudi nyuma kama mtu anayepanda mto kutafuta chemchemi.

Katika orodha za majina nikaona kitu. Kikosi cha kundi hubadilika karibu chote kila baada ya Olimpiki, maana miili ile huchoka mapema. Sydney mwaka 2000 Urusi ilikuwa na wasichana sita, watano wa kuingia uwanjani na mmoja wa ziada. Athens mwaka 2004 ilikuwa na sita tena. Katika orodha zote mbili, jina linalojirudia ni moja tu: Natalia Lavrova.

Alizaliwa Agosti 1984, mtoto wa Penza, mji ulio kando ya mto Sura, kusini mashariki mwa Moscow. Sydney alikuwa na miaka 16. Athens alikuwa ametoka tu kutimiza 20. Alipovishwa medali ya pili akawa mtu wa kwanza katika historia ya jimnastiki ya midundo kuwa na dhahabu mbili za Olimpiki. Hakuna nyota yeyote wa kucheza peke yake aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Akaacha mashindano, akageukia ukocha. Aprili 2010 alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25.

Mimi nilizaliwa mwaka ule wa Sydney. Nilipoanza uzamili nilikuwa na miaka 25, na kila ndugu aliyenipigia simu aliniambia maisha ndiyo kwanza yanaanza.

Usiku ule wa barua pepe nilifungua tena fainali ya Sydney. Picha ina ukungu wa kanda za zamani. Nilisimamisha video mara kumi na mbili nikimtafuta Lavrova. Sikumpata. Ubao wa matokeo hauna majina, una nchi. Kamera ikisogea karibu na uso mmoja, uso huo unageuka, unapita nyuma ya mwingine, na ukirudi huna hakika kama ni uleule. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Kundi likifanya kazi yake sawasawa, jicho halimwoni mtu. Linaona duara likifunguka na kufumba. Anayemwona mtu, ameona kosa.

Na Sydney hakukuwa na nafasi ya kosa. Urusi ilimaliza na alama 39.500. Belarusi nayo ikamaliza na 39.500. Ikabidi zilinganishwe alama za utekelezaji, yaani usafi wa kazi yenyewe, ndipo dhahabu ikaenda kwa Urusi. Hebu fikiria wembamba wa uzi huo. Goti moja lililokunjika kidogo, hatua moja ya ziada ya kukimbilia kirungu kilichorushwa vibaya, na medali zingebadilishana shingo. Wala kwenye ubao pasingeandikwa goti lilikuwa la nani.

Katika Olimpiki hiyohiyo kulikuwa na kosa ambalo kila mtu anajua ni la nani. Alina Kabaeva, bingwa wa dunia, miaka 17, alikuwa akicheza peke yake na pete. Pete ikamponyoka, ikabingirika ikatoka nje ya zulia, akaikimbilia. Akaondoka na shaba, dhahabu akaichukua Mrusi mwenzake Yulia Barsukova. Robo karne imepita, na ukitaja Sydney kwa wapenzi wa mchezo huu, watakusimulia ile pete kabla hawajakusimulia mshindi.

Siwezi kuiangalia ile pete ikibingirika bila tumbo kunikaza. Mimi pia nina pete yangu.

Nilikuwa darasa la sita. Mwaka ule kilele cha mbio za Mwenge kilikuwa mkoani kwetu, na shule yetu ilichaguliwa kutoa watoto wa halaiki. Kama hukuwahi kucheza halaiki, jua kwamba ni mamia ya watoto kwenye uwanja wa mpira, kila mmoja na nukta yake ya chokaa ardhini, filimbi ikilia mnageuka, ikilia tena mnainama, na kutoka jukwaani viongozi wanaona ua linachanua au ramani ya nchi inajichora. Wewe uliye ndani huoni ua lolote. Unaona kisogo cha aliye mbele yako na vumbi.

Safu yetu ilikuwa ya pete. Zilitengenezwa kwa mabomba ya plastiki ya maji, yakapindwa, yakazungushiwa karatasi za rangi za bendera. Tulifanya mazoezi wiki nyingi, kutwa juani, uji saa nne, kisha tunarudi kwenye nukta zetu. Kulikuwa na kipande kimoja tulichokipenda na kukiogopa: filimbi ya saba. Hapo kila mtu alirusha pete yake kwa jirani wa kulia, na wakati huohuo akaidaka ya jirani wa kushoto. Jirani yangu wa kulia alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye alikuwa hodari kuliko mimi. Mara nyingi alidaka pete zangu zilizokwenda ovyo kwa kunyoosha mkono tu, bila kusogea kwenye nukta yake, na hakuna aliyejua.

Zoezi la mwisho lilifanyika mbele ya wakubwa wa wilaya. Filimbi ya saba ikalia. Niliona, kabla hata pete haijatoka vidoleni, kwamba nimeirusha chini mno. Ilianguka katikati yetu, ikasimama kwa ukingo wake, ikaanza kubingirika kuelekea jukwaani. Ilikwenda polepole, ikayumba, ikajilaza miguuni pa mgeni mmoja aliyevaa suti ya kijivu. Rafiki yangu aliifuata. Alitoka kwenye nukta, akakimbia mbele ya safu nzima, akaiokota, akarudi. Ndiye aliyeonekana.

Mwalimu hakuuliza nani alirusha. Alimwona mtoto aliyetoka kwenye mstari. Baada ya zoezi alimwita mbele, akamchapa viboko vinne, akamtoa kwenye halaiki. Nafasi yake akawekwa mtoto wa akiba. Siku ya kilele mimi nilikuwa uwanjani na soksi nyeupe mpya, yeye alikuwa nyumbani. Nilichofanya wakati anachapwa nakikumbuka vizuri, maana nimekirudia kichwani kwa miaka mingi: niliinamisha kichwa, nikawa nafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Hakunisema. Sikumwambia. Tuliendelea kukaa dawati moja mpaka mtihani wa darasa la saba, kisha shule zikatutenganisha.

Pete inapoanguka kati ya watu wawili, ni kosa la nani? La aliyerusha au la aliyeshindwa kudaka? Katika jimnastiki ya makundi mwamuzi hashughuliki na swali hilo. Pete imegusa zulia, alama zinakatwa, na zinakatwa kwa kundi zima. Zamani niliona hiyo ni dhuluma. Iweje wanne waliofanya vizuri wabebe mzigo wa mmoja? Sasa nadhani sheria hiyo inajua kitu ambacho mwalimu wangu hakukijua. Ukiwa nje ya uwanja, huwezi kuona kosa lilipoanzia. Unaona lilipoishia. Ukilazimisha kumpata mwenye kosa, utampata yule aliyekuwa anakimbia kulirekebisha.

Lakini sitaki kuwapamba Warusi. Alama moja ubaoni haina maana kwamba ndani hakuna anayehesabiwa. Mwaka 2017 ilitoka filamu ya mwongozaji wa Poland, Marta Prus, iitwayo Over the Limit, inayomfuata Margarita Mamun akijiandaa na Olimpiki ya Rio. Yeye alicheza peke yake, si kwenye kundi, lakini ukumbi ni wa timu ileile ya taifa na sauti ni za makocha walewale. Maneno anayomiminiwa msichana yule yalinifanya nisimamishe filamu nikatoke nje kupunga upepo. Siwezi kuamini kwamba Lavrova aliishi miaka yote ile bila mtu kumwambia wazi ni mkono wa nani uliochelewa. Na pengine haiwezekani vinginevyo. Kirungu kisipofika, lazima watano wale wakae chini waulizane: ulirusha mapema? Nilisogea? Wasipoulizana, kesho kitaanguka tena palepale.

Tofauti iko kwenye nani anauliza, na anaulizia wapi. Kuna kuhesabiana ndani ya duara, mbele ya watu ambao kesho watakurushia tena. Na kuna kwenda kwa mwamuzi ukiwa na jedwali.

Niliacha simu, nikarudi kwenye kompyuta. Kabla ya kumalizia barua pepe yangu nilifungua kundi letu la WhatsApp, nia yangu ikiwa kutafuta ushahidi wa uzembe wake. Nikapanda juu, siku moja, mbili, nne. Ujumbe wake wa Jumatatu: "Jamani, lile faili la takwimu vipi?" Jumanne: "Nasubiri faili." Jumatano mchana: "Naomba basi hata lisilokamilika nianze nalo." Mwenye faili nilikuwa mimi. Kusafisha takwimu ilikuwa kazi yangu. Nilimtumia Jumatano hiyohiyo saa 4:47 usiku, wasilisho likiwa Alhamisi asubuhi, nikaweka na kidole gumba cha kuonyesha mambo safi. Nikalifungua faili lenyewe. Lilikuwa toleo la zamani, lile ambalo nilikuwa sijaondoa majibu yaliyojirudia. Jipya lilikuwa bado limelala kwenye kompyuta yangu.

Nilirusha, nikageuka. Yule msichana wa Kirusi hageuki kutazama pete yake kwa sababu ameirusha mara elfu kumi na anajua itafika. Mimi niligeuka kwa sababu kilichotoka mkononi mwangu sikukiona tena kuwa changu.

Na kwenye jedwali nilikuwa nimejiandikia: amekamilisha.

Nilifuta barua pepe ile. Nikaandika kwenye kundi, mbele ya wote wanne: "Faili nililotuma jana lilikuwa toleo la zamani, na nilichelewa kulituma. Majedwali yasiyolingana yalitokana na hilo. Samahanini, na hasa wewe." Nikamtaja kwa jina. Kimya. Kisha akajibu: "Asante." Dakika moja baadaye akaongeza: "Lakini na mimi niliona hayalingani saa saba usiku. Ningewaamsha." Mwingine akaandika kwamba wiki ijayo tukutane maktaba kabla ya kila mtu kwenda na kipande chake. Alama zikabaki kumi na moja. Kumi na moja ndiyo tuliyostahili.

Ningeweza kulala hapo. Lakini nilikuwa nimeshafungua mlango, na nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine anayesubiri. Nilimfikiria Lavrova, ambaye miaka 25 ndiyo yote aliyopewa, na nikajiuliza ninasubiri nini. Rafiki yangu yumo kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza darasa la saba. Hatuandikiani sisi wawili. Tunaonana kwenye michango ya harusi na salamu za Iddi na Krismasi. Ana duka la vitambaa na cherehani mbili, najua kwa sababu huweka picha za magauni.

Nikamwandikia: "Mambo. Unakumbuka ile pete ya halaiki? Ni mimi niliyeirusha vibaya. Ulichapwa kwa ajili yangu na sikusema."

Nilidhani amelala. Alama mbili za samawati zikatokea palepale.

"Wee, saa sita usiku unaniletea mambo ya halaiki?"

Kisha: "Kwani ulidhani sijui? Mimi si ndiye nilikuwa nakutazama. Tangu asubuhi mkono ulikuwa unakutetemeka, hata uji hukunywa."

Nikaandika samahani. Nikaifuta. Nikaandika tena, nikaituma.

Akakaa muda. Juu ya kioo ilionyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena anaandika.

"Viboko vilipoa jioni ileile. Kilichoniuma ni ile siku nzima hukunitazama. Nilikuwa nasubiri tu unitazame."

Kisha, kabla sijapata la kusema: "Nipigie kesho baada ya saa kumi, wateja wakipungua. Mambo haya si ya kuandikiana."

Nilimpigia saa kumi na dakika mbili.